Gundi ya mpira wa mlango wa gari
Mpira wa mlango wa gari ukibanduka, wengi hukimbilia supagluu. Hushika upesi kweli, lakini ikikauka huwa ngumu kama kioo na hupasuka mlango unapobamizwa.

Inayofaa ni gundi ya neoprini, ile ya manjano wanayoitumia mafundi viatu. Chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka kutu iishe, kifutwe kwa asetoni. Mpira nao ukwaruzwe kidogo. Gundi hupakwa pande zote mbili, huachwa kama dakika 10 hadi isinate kidoleni, ndipo vikandamizwe kwa nguvu. Kazi hiyo ifanyike penye hewa, maana mvuke wake una madhara.

Raba za kushikilia injini ni suala jingine: hugandishwa na chuma kiwandani kwa joto na mgandamizo. Zikiachana, zibadilishwe.