Lubero: Watoto wa wahami nao watembezwe mashambani

Mvua imepunguka katika eneo la Lubero, shule zimefunga, watoto wako nyumbani. Kwa mtoto wa mkulima, huu ni wakati wa kushinda shambani. Kwa mtoto wa familia ya wahami, ni wakati wa kukaa mbele ya nyumba ya wenyewe na kuambiwa kila saa: «Usiende kule.»

Sababu ziko. Wazazi wanaogopa watu wenye silaha. Wenye mashamba nao wanaogopea viazi vyao. Mtoto wasiyemjua akionekana kando ya shamba, anaitwa mwizi kabla ya kuulizwa jina. Tangu vita vilipofika Kanyabayonga, mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, familia nyingi zimeishi hivyo kwa wenyeji wao, kati ya shukrani na haya.

Katika kijiji kimoja, mzee mhami aliyekuwa mkulima kwao aliomba ruhusa kwa chifu. Asubuhi akachukua watoto kumi hivi, wa wahami pamoja na wa wenyeji. Hawakwenda mbali. Walifuata njia ya mashamba ya maharage, wakashuka bondeni, wakapita msituni kando ya mto, wakarudi kabla ya jua kali.

Waliona yangeyange wakifuata ng'ombe na kudona wadudu wanaorushwa na kwato. Waliona nyuki kwenye maua ya maharage, na chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, kwenye ua la mgomba. Kwenye mikaratusi kulikuwa kimya. Kwenye kipande cha miti ya kienyeji kilichobaki kando ya mto, ndege walijaa kelele. Mtoto mmoja akauliza sababu. Mzee akajibu: «Huku kuna matunda ya kula. Kule kuna mbao tu.»

Walipomkuta kinyonga, nusu ya watoto walikimbia na mmoja akaokota jiwe. Mzee alimshika mkono. Kinyonga hana sumu. Kazi yake ni kula wadudu. Ni vivyo hivyo kwa bundi. Anauawa kwa sababu watu wanamwita ndege wa wachawi, na huku panya aliowawinda usiku wanabaki kula mahindi ya ghalani.

Mwenye shamba moja alifika akipiga kelele, fimbo mkononi. Alipoona watoto wa jirani zake ndani ya kundi, alinyamaza. Mwishowe ndiye aliyewaonyesha mashimo ya fuko kati ya viazi vyake.

Jambo hili linapaswa kufanywa katika kila kijiji kilichopokea wahami. Halihitaji mradi wala pesa za shirika. Linahitaji mzee mmoja, mwenyeji mmoja na ruhusa ya chifu. Mkubwa mmoja atangulie, mwingine awe nyuma. Wapite tu njia ambayo wakulima wanapita kila siku. Chuma chochote kisichojulikana kisiguswe, kiambiwe chifu. Mnyama aliyekufa asiguswe pia: Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, wengi wao Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Na siku chifu akisema hali si nzuri, watoto wabaki nyumbani.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa hahitaji kutazama ndege. Ni kweli, chakula ndicho cha kwanza. Lakini mtoto aliyekimbia akiwa na miaka sita anakua bila kushika jembe. Siku familia itakaporudi kwao, atapewa shamba asilolijua: hatajua mdudu gani anaharibu maharage, wala mti upi unaacha kivuli kizuri kwa kahawa. Wazee wenye ujuzi huo wako hapa hapa, wamekaa mbele ya nyumba za watu bila kazi.

Likizo itaisha mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Machifu na wazazi wanao muda wa kupanga asubuhi moja kwa juma. Wenye mashamba, kabla ya kuinua fimbo, wamuulize mtoto jina lake na anakaa kwa nani.