Sukari ya Mtoto Imetoka Upande Gani?

Mtoto anakonda. Usiku anaamka mara nyingi kwenda kukojoa, anamaliza maji ya mtungi, na pale alipokojoa sisimizi wanakusanyika. Wazazi wanamleta hospitali, na munganga anasema: huu ni ugonjwa wa sukari, lazima apigwe sindano ya insulini kila siku. Siku ile ile maneno yanaanza katika jamaa. Wajomba wanasema, Kwetu hakuna ugonjwa huu, umetoka kwa baba. Mashangazi wanajibu, Hapana, umetoka kwa mama. Mwishoni mmoja anataja mlozi.

Ndugu, naona maneno haya ni ya hatari sana, kwa sababu watu wakitafuta mwenye kosa, sindano inasahauliwa. Na mtoto huyu akikosa sindano siku chache tu, anaweza kufa.

Basi tusikie namna ilivyo. Mwilini mna askari wanaotulinda na wadudu wa magonjwa. Karibu kila chembe ya mwili inaonyesha askari hao vipande vidogo vya vitu vilivyomo ndani yake, kama mtu anayefungua mzigo wake njiani ili ukaguliwe. Urithi unaotengeneza mikono ya kuonyeshea vipande hivyo unaitwa jeni za HLA. Nusu tunapewa na baba, nusu na mama. Kuna mikono inayoonyesha vipande vya kongosho kwa namna ya kuwadanganya askari, nao wanaua chembe zinazofanya insulini, wakidhani ni adui. Mwaka wa 1974 wanganga wa Denmark waliandika juu ya jambo hili.

Sasa wajomba na mashangazi wasikie vizuri. Namna mbili za HLA zenye hatari zinaitwa DR3 na DR4. Hatari inazidi mtoto akipata moja kwa baba na nyingine kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa. Ni upande gani, basi? Tena wengi wenye urithi huo hawaugui kamwe. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mara nyingi mmoja anaugua na mwenzake anabaki mzima miaka mingi. Huko Ulaya, katika ndugu 100 wa wagonjwa, karibu 94 hawaupati. Kwa hiyo kumkataza dada yake asiolewe ni kumwonea bure.

Na kwetu Afrika mambo yana mafundo zaidi. Mwaka wa 2025 wanganga walitangaza habari za watu 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioanza kuugua sukari wakiwa watoto au vijana. Karibu 65 katika kila 100 hawakuwa na alama ya damu inayoonyesha kwamba askari wamepiga kongosho. Nao pia walipungukiwa insulini. Kama wenye vyombo vya kupima damu wanaona sababu si moja, shangazi ameijuaje akiwa kitini barazani?

Heri jamaa wakutane kwa shauri lingine. Wajomba watoe feza ya insulini mwezi huu, upande wa baba mwezi ujao. Shangazi atunze dawa: achukue chungu kidogo, akiweke ndani ya chungu kikubwa, ajaze mchanga katikati, na kuumwagia maji asubuhi na jioni. Pasipo umeme, chungu hicho kinapunguza joto la dawa.