Mzazi mwanafunzi aliyezidiwa na madeni: aanze na daftari, si na mkopo mwingine

  

Ndugu zangu katika imani, katika vyuo vyetu wamo wanafunzi ambao jioni hawarudi bwenini, bali hurudi kwa watoto wao. Yupo mwalimu wa cheti aliyeomba ruhusa ili asome shahada. Yupo mama aliyeolewa kabla hajamaliza masomo, na sasa amerejea darasani akiwa na mtoto mgongoni. Yupo kijana aliyefiwa na wazazi akawa yeye ndiye mzazi wa wadogo zake. Hawa wote wana ada, kodi ya chumba, nauli na uji wa mtoto, na vyote hivyo vinalitazama pato moja dogo. Pato linapopungua hukopa, na siku ya kulipa inapofika mkono ukiwa mtupu, hukopa kwingine ili walipe kule kwa kwanza. Hapo mtu amekwisha kufilisika, ingawa hakuna hakimu aliyemtangaza.

Rai yangu juu ya jambo hili ni hii. Aliyefika hapo asitishe kukopa, aandike kila anachodaiwa, awakabili wadai wake kwa ukweli, atenge kwanza chakula na makazi ya watoto wake, kisha kinachobaki akigawe kwa wadai wote kwa uwiano wa madeni yao. Na sisi tulio pembeni mwake tuache kumwaibisha, kwani aibu ndiyo inayompeleka kwa mkopeshaji mwingine usiku.

Mufilisi katika sheria ya Kiislamu

Wanazuoni wa fikihi wamemweleza mufilisi kuwa ni mtu ambaye madeni yake yaliyofika muda wake yamezidi mali aliyonayo. Hawakusema kuwa ni mwizi, wala hawakusema kuwa ni mpumbavu. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imamu Muslim, aliwafundisha masahaba kuwa mufilisi hasa ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, ilhali amewatukana watu, amewasingizia na amekula mali zao, mpaka mema yake yagawiwe wao na yamwishie. Kukosa fedha ni mtihani wa dunia. Ufilisi wa kuogopwa zaidi ni ule wa kuwadhulumu watu, na huo humpata mdaiwa mwongo kama unavyompata mdai mkatili.

Kisa cha Abu Said al-Khudri (R.A.), nacho kimo kwa Muslim, kinatosha kuwa mwongozo wetu. Mtu mmoja zama za Mtume (S.A.W.) alinunua matunda, yakapatwa na janga, na deni lake likawa kubwa. Mtume aliwaamrisha watu wamsaidie kwa sadaka. Wakatoa, lakini haikutimia kiasi cha deni. Ndipo alipowaambia wadai wachukue kile walichokikuta, kwani hawana zaidi ya hicho. Tuutazame mpangilio wake: jamii ilianza kuchangia, kisha kilichopatikana kikagawiwa, kisha mdaiwa akaachwa apumue. Hakufungwa, wala watoto wake hawakuuzwa.

Sayyidna Umar (R.A.) naye, kama ilivyo katika Muwatta wa Imamu Malik, alimtangaza hadharani mtu wa kabila la Juhayna aliyekuwa akinunua vipando vya bei kubwa kwa mkopo ili awatangulie mahujaji wenzake kurudi, hata akafilisika. Umar aliwaita wadai waje asubuhi wagawiwe mali yake, kisha akawaonya watu juu ya deni, kwamba huanza na majonzi na huishia katika ugomvi. Hapa tunajifunza jambo la pili: aliyefilisika kwa janga na aliyefilisika kwa kujifaharisha hawalaumiwi sawa, lakini wote wawili hesabu zao huwekwa wazi.

Imamu wa madhehebu yetu ya Shafi na wafuasi wake wameandika kuwa mali ya mufilisi ikigawiwa, huachiwa nguo zinazomstahiki, na huachiwa chakula cha siku ya mgao kwa ajili yake na wale walio juu yake kwa nafaka. Baadhi yao wakaongeza kuwa mwanachuoni huachiwa vitabu vyake ikiwa hawezi kufanya bila ya hivyo. Basi ikiwa mafakihi walikionea huruma kitabu, vipi sisi tumwambie mama anayesoma ukunga aache chuo katika muhula wa mwisho ili alipe deni la laki mbili? Cheti kile ndicho kitakacholilipa deni.

Sheria ya nchi yetu nayo ina mlango huu. Ipo Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na mambo yake husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, pamoja na Mahakama Kuu. Lakini ni nadra mtu wa pato dogo kufika huko, kwa kuwa gharama ya shauri huweza kulizidi deni lenyewe. Kwake yeye mahakama ya kwanza ni meza ya nyumbani, na shahidi wa kwanza ni daftari.

Daftari la mfano

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Baqara aya ya 282, imeamrisha deni liandikwe, nayo ndiyo aya ndefu kuliko zote. Katika Surat al-Furqan aya ya 67 wamesifiwa wale ambao matumizi yao hayafiki israfu wala ubahili, bali husimama katikati. Tuyashushe mafundisho haya katika hesabu, kwani nasaha isiyo na hesabu haimshibishi mtoto.

Tuchukue mfano wa mzazi mwenye watoto wawili, anayesoma chuo jijini Dar es Salaam. Fedha yake ya kujikimu, ile ambayo vijana huiita bumu, tukiigawa kwa miezi ni Sh 300,000. Vitumbua vyake vya alfajiri vinampa faida ya Sh 120,000. Pato lote ni Sh 420,000 kwa mwezi. Anaandika ya lazima: chakula Sh 6,000 kwa siku, ambayo ni Sh 180,000, chumba Sh 50,000, mkaa Sh 40,000, nauli Sh 40,000, maji na umeme Sh 20,000, matibabu na mahitaji ya watoto shuleni Sh 30,000. Jumla ni Sh 360,000. Kinachobaki ni Sh 60,000.

Ukurasa wa pili anaandika madeni: mkopo wa biashara Sh 900,000, jamaa zake Sh 450,000, kodi ya nyuma Sh 300,000, duka la mtaani Sh 150,000. Jumla ni Sh 1,800,000. Sasa ile Sh 60,000 ni sehemu moja ya thelathini ya deni lote. Basi kila mdai hupata sehemu moja ya thelathini ya haki yake kwa mwezi: mkopo Sh 30,000, jamaa Sh 15,000, mwenye nyumba Sh 10,000, mwenye duka Sh 5,000. Baada ya miezi thelathini, Inshallah, ameondokewa na deni. Mgao huu wa uwiano si uvumbuzi wangu. Ndiyo kanuni ya mafakihi katika mali ya mufilisi: wadai hushirikiana kwa kadiri ya haki zao, na halipwi mwenye sauti kubwa akaachwa mwenye haya.

Lakini iangalieni hesabu hiyo tena. Ikiwa ile Sh 900,000 ilichukuliwa kwa mkopo ambao mitaani huitwa kausha damu, kwa riba ya, mathalani, asilimia 20 kwa mwezi, basi riba peke yake ni Sh 180,000 kila mwezi. Hicho ni chakula chote cha nyumba ile kwa mwezi mzima, na ni mara tatu ya uwezo wake wote wa kulipa. Mtu huyo angelipa miaka na deni likabaki pale pale. Hapa mwenye macho anaiona hekima ya kuharamishwa riba bila ya kusoma kitabu cha uchumi. Mwenyezi Mungu, katika aya ya 279 ya al-Baqara, amempa mkopeshaji anayetubu rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe.

Wapo pia wakopeshaji wa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya kibali. Miongoni mwa wakopeshaji wa namna hii wamo wanaotuma ujumbe kwa kila jina lililomo katika simu ya mdaiwa, mpaka mkwewe na mwalimu wake wajue. Kumfedhehesha Muislamu kwa namna hii ni dhulma, hata kama deni ni la kweli.

Ama mkopo wa elimu unaotolewa na Bodi ya Mikopo, huo uandikwe ukurasa wa peke yake, kwani ni deni la kesho. Mwenye kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini asili ya deni ipo, na asijidanganye mtu kuwa mali ya serikali haina mwenyewe.

Yanayopaswa kukatwa

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Aliyezidiwa na deni hana udhuru wa kushona sare ya harusi ya shoga yake, wala wa kuahidi mchango wa kamati ili jina lake lisomwe. Akika na kuchinja Idi ni sunna kwa mwenye uwezo, na hakuna anayetakiwa akope kwa ajili yake. Upatu alioupokea mwanzo wa mzunguko ni deni, nao uingie daftarini. Na bumu linapokuja kwa mkupuo, siku hiyo hiyo litengwe kwa mafungu ya wiki, kwani fedha ya miezi miwili iliyokaa mkono mmoja hudhaniwa kuwa utajiri. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaelekeza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake wakati wa neema, wale kidogo tu, kwa sababu aliiona miaka ya dhiki iliyo mbele.

Nawageukia waume. Mke kupata fedha ya masomo hakumwondolei mume wajibu wa nafaka. Fedha ile ni yake, na akiitumia nyumbani amefanya hisani. Hind bint Utba (R.A.) aliposhitaki ubahili wa mumewe, Mtume (S.A.W.) alimruhusu achukue katika mali ya mume kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Wengi wa akina mama wanaozama katika madeni wamezama kwa sababu wamebeba mzigo wa mtu mwingine aliye hai na mwenye nguvu.

Wajibu wa mdai na wa jamii

Mdaiwa mwenye uwezo anayechelewesha ni dhalimu. Hilo limethibiti kwa Bukhari na Muslim. Lakini asiyekuwa na kitu, aya ya 280 ya al-Baqara imeamrisha apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe kabisa kumetajwa kuwa ni kheri zaidi. Mwenye nyumba na mwenye duka wanaosoma ukurasa huu wajue kuwa Sh 5,000 ya kila mwezi inayoletwa kwa uaminifu ina baraka kuliko ahadi ya laki isiyofika. Mdaiwa naye asimkimbie mdai wake wala asizime simu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni katika sala yake, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mtu akidaiwa husema akaongopa na huahidi akavunja.

Kisha ipo misikiti yetu. Wenye madeni wametajwa kwa jina katika aya ya 60 ya Surat at-Tawba miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki zaka. Mwanzoni Mtume (S.A.W.) alikuwa akiuliza juu ya maiti kama ana deni kabla ya kumsalia. Mwenyezi Mungu alipomfungulia neema, alibeba mwenyewe madeni ya waumini waliokufa bila ya kuacha cha kulipia. Kamati zetu hukusanya zaka kila Ramadhani na kugawa noti ndogo ndogo kwa mamia ya watu, zikaisha kabla ya magharibi. Je, si bora sehemu yake itengwe, kila mwaka wafunguliwe watu watatu au wanne ambao daftari zao zimekaguliwa na deni lao ni la halali? Na mwenye kumdai maskini asije akasema, nimekusamehe, iwe ndiyo zaka yangu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa hiyo ni sadaka, na zaka yake bado iko shingoni.

Ewe mzazi unayesoma, usiku huu watoto wakilala, chukua daftari uandike kurasa mbili, wa pato na wa madeni, hata kama mkono unatetemeka. Kesho umwendee mdai wa kwanza, naye awe yule unayemwogopa zaidi. Dawa ya deni ni kulipa, na mlango wa kulipa ni kusema kweli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu, na atuondolee uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu. Wabillahi tawfiq.