Dawa ya tansio ya jirani yako si lazima ikufae

«Mama, nisaidie kile kidonge unachokunywa asubuhi, na mimi tansio imepanda.» Maneno hayo tunayasikia kila siku katika mitaa ya Goma, Bukavu, Uvira na Butembo. Jirani anatoa kidonge kwa moyo mwema. Mwingine anabeba kartoni tupu ya dawa ya marehemu baba yake, anaionyesha kwa muuza farmasi na kusema: nipe kama hii. Tunaandika leo kwa sababu desturi hii inaweza kuua.

Wanganga wanasema mtu ana tansio ya juu, yaani shinikizo la damu, ikiwa vipimo vya siku mbalimbali vinafika 14 kwa 9 au kupita hapo. Lakini namba moja ina njia nyingi za kupanda. Kwa huyu, mwili unabakiza chumvi na maji. Kwa yule, mishipa imebana. Kwa mwingine, figo zinaamsha kemikali zinazokaza mishipa. Ndiyo maana dawa hazifanani: hidroklorotiazidi inatoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo, amlodipini inalegeza mishipa, kaptoprili inazuia zile kemikali zinazoamshwa na figo.

Mwaka 2019, utafiti uitwao CREOLE ulitoa matokeo kuhusu wagonjwa Weusi 728 wa inchi sita za Afrika, Uganda jirani yetu ikiwemo. Kila mgonjwa alipewa dawa mbili pamoja. Wale waliopata amlodipini ndani ya mchanganyiko wao walishuka vizuri zaidi kuliko wale waliopewa perindoprili na hidroklorotiazidi. Hiyo inamsaidia munganga kujua aanzie wapi. Lakini ni wastani wa watu wengi, na mgonjwa aliyeketi mbele yake ni mtu mmoja.

Mwaka 2023, watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha jambo hilo wazi. Watu 280 walijaribishwa dawa nne, moja baada ya nyingine. Dawa iliyomfaa mmoja sana haikuwa lazima ile iliyomfaa mwenzake. Walikadiria kwamba kumpa kila mtu dawa inayomfaa kungeweza kushusha namba ya juu hadi milimita 4,4 zaidi, kuliko kuwapa wote dawa ile ile.

Madhara pia yanatofautiana. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Kaptoprili inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha na, mara chache, kuvimbisha midomo na ulimi mpaka pumzi inakata. Mama mwenye mimba hapaswi kuinywa, kwa sababu inaharibu figo za mtoto tumboni. Propranololi inaweza kumziba pumzi mwenye pumu. Mama anayemgawia dada yake kidonge hawezi kuyajua hayo yote.

Hatari nyingine ni kimya. Mgonjwa anakohoa, anachoka na dawa, anaacha bila kumwambia mtu. Au anakunywa siku tatu, haoni mabadiliko, anasema dawa ni bure. Kumbe amlodipini inahitaji siku kadhaa, hata majuma, kuonyesha nguvu yake yote. Tansio haiumi, kwa hiyo anajiona mzima mpaka siku anapopooza upande mmoja. Na pengine dawa ilikuwa nzuri, ila alikuwa akinywa pia ibuprofeni ya maumivu ya mgongo, ambayo inapandisha tansio.

Tunaomba wanganga na wauguzi wetu wasiandike dawa ile ile kwa kila mtu na kumaliza hapo. Wapime, waulize kuhusu mimba, pumu, figo na dawa zingine, kisha wamuite mgonjwa arudi baada ya majuma machache. Wamwambie jina la dawa, si rangi yake. Viongozi wa zoni za afya nao wahakikishe vituo vina dawa za aina zaidi ya moja, kwa maana munganga hawezi kubadilisha dawa kama hana nyingine ya kutoa.

Na wewe mgonjwa, andika jina la dawa yako na kipimo chake kwenye karatasi, uitunze pamoja na kadi ya uchaguzi. Kwa watu wanaokimbia vita usiku, fishi inabaki hospitali, na munganga wa mahali pengine hajui aanzie wapi. Dawa ikikusumbua, usiiache: rudi useme. Kubadilishiwa dawa si ishara kwamba munganga hajui kazi. Ndiyo njia ya kuipata ile inayokubaliana na mwili wako.

Jirani akija kuomba kidonge, msindikize kituoni akapimwe. Hapo utakuwa umemsaidia kweli.