Deni la Msimulizi: Hoja Dhidi ya Watetezi wa Half-Life 2

Kuna tofauti kubwa kati ya hadithi yenye hitimisho wazi na hadithi iliyotelekezwa. Mwanafunzi wa fasihi huifahamu mapema, lakini hufifishwa kila inapojadiliwa hatima ya mchezo wa kompyuta wa Half-Life 2. Makala haya yanashikilia kwamba uhakiki hauna budi kuirejesha.

Mambo yenyewe ni haya. Kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mchezo huo wa bunilizi ya kisayansi mwaka 2004. Mwaka 2006 ilitangaza mwendelezo wa sehemu tatu fupi. Ya kwanza ilitoka Juni mwaka huo, ya pili Oktoba 2007. Ya tatu haikutolewa. Sehemu ya pili yakatika penye kilele cha taharuki: mwanasayansi Eli Vance anauawa mbele ya bintiye Alyx, dakika chache kabla ya safari ya kuitafuta meli ya Borealis. Skrini inaingia giza na kilio cha Alyx kinasikika.

Huenda ikajibiwa kwamba huo nao ni mwisho. La hasha. Hitimisho wazi ni uamuzi wa kisanaa: mtunzi amekwisha kutupa yote tunayoyahitaji, kisha anatuachia fumbo tulifumbue. Hapa meli imetajwa, safari imepangwa, na helikopta i tayari. Wala haifai kumsingizia Dickens. The Mystery of Edwin Drood ilikatika mwaka 1870, matoleo sita kati ya kumi na mawili yakiwa yamekamilika, kwa sababu mwandishi alifariki. Kifo ni udhuru. Valve ingali hai.

Utetezi mzito zaidi ulitolewa na mkuu wa kampuni hiyo, Gabe Newell, katika filamu ya mwaka 2024 ya kuadhimisha miaka 20 ya mchezo huo. Alieleza kwamba hakuona uvumbuzi ambao sehemu ya tatu ingeuleta, na kwamba kuitoa ili kuiendeleza hadithi tu kungekuwa kukwepa wajibu kwa wachezaji. Tunakubali kwamba uvumbuzi ndio ulioipa Half-Life 2 sifa yake. Hata hivyo, hoja hii yaifanya hadithi kuwa pambo, na kazi yenyewe yaikanusha. Katika mchezo huu hatutoki kamwe machoni pa Gordon Freeman, naye hatamki neno. Ububu wake ndio nafasi yetu. Eli anapouawa tumebanwa ukutani pamoja na Gordon, twaona yote na hatuwezi kuinua mkono. Taharuki hiyo imejengwa kwa fani ileile anayoisifu Newell. Msimulizi aliyemgeuza msikilizaji kuwa mhusika hawezi kudai baadaye kwamba hadithi haikuwa sehemu ya wajibu wake.

Tena hadithi haikukosa mtu wa kuiwaza. Mwaka 2017 mwandishi Marc Laidlaw, aliyeiacha kampuni mwaka uliotangulia, alichapisha muhtasari wa safari ya Borealis kwa umbo la barua. Majina yalikuwa yamebadilishwa: Gordon Freeman aliitwa Gertrude Fremont. Fikiria hali ya mtunzi anayewavika wahusika wake barakoa ndipo awafikishe kwa hadhira yao! Mwaka 2020 ilifuata Half-Life: Alyx, ambayo yarudi nyuma kabla ya matukio ya mwaka 2004, kisha mwishoni yakifikia kifo cha Eli na kukifuta, huku ikimtwaa Alyx badala yake. Taharuki moja imebadilishwa kwa nyingine. Huko ni kulipa deni kwa kukopa.

Katika jadi yetu, fanani huita "Hadithi! Hadithi!" na hadhira huitika "Hadithi njoo!" kabla ya kisa kuanza. Mwitiko huo ni mapatano: hadhira inatoa masikio yake, fanani anatoa ahadi ya kufika. Masimulizi ya mfululizo, yawe ya gazetini, redioni au kwenye kompyuta, yasimama juu ya mapatano hayohayo, kwa kuwa kila sehemu huuzwa kwa ahadi ya ijayo. Anayeivunja ahadi hiyo anaweza kuwa na sababu zake za kibiashara au za kiufundi. Mhakiki hana sababu ya kuziita sanaa.