Shangazi na Darasa la Alhamisi



Mwaka jana nilikwenda Kericho kumzuru shangazi yangu, aliyeolewa huko tangu ujana wake. Mtu wa pwani huifikia nchi ile akitetemeka: baridi ya asubuhi, mvua ya alasiri, na mashamba ya chai yaliyotandazwa vilimani hadi upande wa Bomet. Shangazi alichuma chai kwa miaka zaidi ya ishirini, kikapu mgongoni, kisha kuupeleka mzigo kwenye mizani. Watoto saba aliwazaa humo humo katika kazi hiyo.

Nikauliza kwa nini haonekani tena katika darasa la wanawake la Alhamisi. Watu wa nyumbani wakanijibu kwa neno moja: uzee. Yeye mwenyewe alinieleza baada ya Isha, tukiwa wawili jikoni. “Mwanangu, nikikohoa tu, nguo yangu haifai tena kusalia.” Miaka mitatu alikuwa ameificha siri hiyo, hata kwa binti yake. Kanga zake alizifua usiku na kuzianika juu ya meko. Tangu Adhuhuri hanywi maji.

Nimeomba idhini yake kuyaandika haya, naye akanijibu kuwa wako wengi kama yeye. Kweli wako, milimani na kwetu pwani pia. Wanawake wa Ansari walisifiwa kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Basi na tuulize.

Chini ya kibofu, kizazi na utumbo kuna misuli iliyotandazwa kama kitanda cha kamba, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Kamba hizo hulegea kwa sababu ya uzazi, kukoma hedhi, mizigo mizito, kufunga choo kwa muda mrefu, unene, na kikohozi kisichokwisha. Hiki cha mwisho nilikifikiria sana katika jiko lile lililojaa moshi wa kuni. Kamba zikilegea, kikohozi, kicheko au kuinua ndoo hukisukuma kibofu, na mkojo hupenya. Lakini misuli ni misuli: ikizoezwa hupata nguvu, hata kwa mwanamke wa miaka sabini.

Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, au keti. Kaza kana kwamba unazuia upepo usitoke, kisha kana kwamba unazuia haja ndogo. Utahisi kitu kinavutwa ndani na kwenda juu. Matako, mapaja na tumbo vibaki vimetulia, na pumzi isizuiwe. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakaza kila kitu isipokuwa kinachotakiwa. Shika kwa kuhesabu hadi tatu, legeza kabisa kwa hesabu ile ile, kisha rudia mara nane. Siku zinavyokwenda, panda taratibu hadi kumi. Ongeza na mikazo michache ya haraka. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Shangazi alichagua baada ya kusali Alfajiri, Alasiri na Isha, asipate kusahau. Usijizoeze kwa kukatakata mkojo ukiwa chooni, kwani kibofu huenda kisimalize kutoa kilichomo.

Na ukihisi kikohozi au chafya inakuja, kaza kwanza, ndipo ukohoe.

Matokeo hayaji kwa wiki moja. Yanataka miezi mitatu ya kudumu, na wengi huacha katika mwezi wa kwanza.

Kuhusu maji, shangazi alikuwa amekosea, maana mkojo mzito hukichokoza kibofu zaidi. Cha kupunguza ni chai ya rangi iliyokolea, hasa usiku. Kumwambia hivyo mtu wa Kericho kulihitaji ujasiri.

Ama ibada, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mwanamke ambaye mkojo haumkatikii hata kwa muda wa kutosha kujitwahirisha na kusali ana udhuru. Atajisafisha, atajifunga kitambaa au pedi, atatia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, na atasali bila kuchelewa. Kitakachotoka hapo hakimbatilishii. Anayevuja kwa kikohozi tu, kama shangazi, hamo katika hukumu hiyo: atajisafisha, atabadili nguo na kutia udhu upya. Lenye utata muulize mwalimu wako. Katika hali zote mbili sala haimwondokei, na darasa halimkatazi mtu kubeba kanga ya pili mkobani.

Wako wasiofaa kungoja mazoezi. Anayeona damu katika mkojo, anayeungua akikojoa, anayehisi kitu kinashuka ukeni, au anayekwenda haja ndogo mara nyingi huku akiwa na kiu isiyokwisha, aende hospitali. Na ambaye mkojo humtoka usiku na mchana tangu uzazi uliomchelewesha, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji, si kwa mazoezi. Hata kwa wengine, mkunga au mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kuhakikisha kuwa unakaza panapotakiwa.

Tulizungumza na binti yake kwa simu mwezi wa tano baada ya safari ile. Siku za kikohozi kikali shangazi bado hujifunga kitambaa. Lakini maji anakunywa, na Alhamisi anakwenda darasani. Huketi karibu na mlango.