Kitanda Kimoja, Vipimo Vitatu

Seremala wa Cibitoke, mjini Bujumbura, anaweza kuagizwa kitanda kile kile kwa upana wa sentimita 90, 140 au 160. Achoraye kwa kompyuta hushawishika kunakili mchoro mara tatu. Hapo ndipo hasara inapoanzia: tundu la bolti likisahihishwa katika nakala moja, nakala mbili hubaki na kosa, na mbao za mteja hukatwa bure.

Lililo bora ni mchoro mmoja wenye jedwali. FreeCAD, programu isiyolipiwa, inayo nafasi ya jedwali hilo. Kila mstari hubeba upana wake. Ukichagua 160, chaga na vitakizo hurefuka, lakini mifumbati ya ubavuni haiguswi. Mguu wa katikati, ufaao kitanda kipana tu, nao uandikwe humo: upo au haupo.

Kila baada ya sahihisho, ifunguliwe mistari yote mitatu na kukaguliwa maungio. Orodha ya kukatia mbao ionyeshe upana na tarehe. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.